Uvundo wa Kaldvika

Kaldvika, Jumatatu 22 Novemba 1976

Kwako mume wangu Hilmar, salamu nyingi sana na pole na mgongo. Salamu kwa mama mkwe Oline, namwombea magoti yake, na nauliza kama bado anakataa kulala na soksi. Salamu kwa binti yangu Turid, ambaye najua ndiye anayewasomea haya hapo mezani kwa sababu baba yake miwani ameikalia tena. Turid mwanangu, soma polepole wala usiruke maneno machafu, yatakuwepo mengi. Salamu kwa Kåre mdogo, mwambieni dubu mweupe sijamwona na wala sina hamu ya kumwona. Salamu kwa dada Dagny na shemeji Anfinn na watoto wao, kuanzia mkubwa hadi huyo wa kunyonya. Salamu kwa jirani Peder aliyenibebea sanduku hadi bandarini. Hata kondoo wasalimieni. Mimi mwili mzima, ila roho imekaa upande.

Nimenunua kidaftari hiki Tromsø niwe naandika kila siku, nikitoka nitoke nacho, au nikipata mtu wa kumpa nimpe awaletee. Telegramu sitatuma. Redio ya hapa inasikika pwani nzima, na sitaki kila nahodha hadi Hammerfest azungumzie mwanangu akinywa kahawa.

Kilichonileta mnakijua. Kumchukua Eilert kwa ndege ijayo, awe nyumbani kabla ya Krismasi, kwa sababu tangu wiki ile jua la huku lilipozama kwa majira yote ya baridi hajaandika hata mstari.

Tumetua saa sita mchana, giza totoro kama ndani ya buti. Aliyenipokea ni mzee mmoja, Oddmund, ndiye anayetunza mbwa. Ananuka mafuta ya sili yaliyochacha, ugoro, na mbwa aliyelowa, vyote kwa mpigo. Na akanikumbatia! Koti langu la kanisani, Hilmar. Nimelitundika nje kwenye upepo na nadhani litabaki huko.

Nyumba ni moja ndefu, jikoni upande huu, vyumba vya kulala upande ule, korido katikati. Mkuu wa kituo hiki cha utafiti anaitwa Gisle, mtu wa kusini, mikono myeupe, shati limepigwa pasi, sauti ya taratibu kama kasisi. Aliniambia, "Karibu sana, mama Borgny. Eilert amepumzika."

"Amepumzika saa saba mchana?"

"Ni hili giza, mama. Kila mwaka linamshika mmoja wetu. Amejitenga kidogo, tukampa likizo. Vipimo vyake navisoma mimi."

Kwenye kitasa cha mlango wa Eilert imetundikwa glovu, moja ya zile za kijivu nilizomfumia. Mpishi wao, Synnøve, mwanamke mwenye mwili na kicheko kikubwa, ndiye aliyenieleza. "Hapa hakuna mlango unaofungwa kwa ufunguo, mama, kwa sababu ya dubu. Ukikimbizwa unaingia popote. Sasa watu nao wanataka faragha, ndiyo tukawekeana glovu. Ikiwa kwenye kitasa, hata mkuu haingii. Mwaka jana ilikuwa zamu yangu. Nilijifungia nikalia, nikalala, siku moja nikaitoa mwenyewe nikaja kukaanga mayai. Wala hakuna aliyeniuliza kitu. Nilishukuru!"

Nikasogea mlangoni. "Eilert, mwanangu. Ni mama."

"Mama? Umefuata nini huku?"

"Nimekufuata wewe."

"Sijambo, mama. Nina usingizi tu. Kesho."

Sauti ni yake. Nikaishika ile glovu, nikaiacha palepale.

Jumanne, 23

Glovu ipo. Nimefua taulo za watu wote. Maji yalitoka rangi ya kahawa.

Jumatano, 24

Glovu ipo. Synnøve huweka sahani mlangoni asubuhi na jioni, na sahani hurudi tupu, jambo ambalo limenituliza kidogo. Anayekula si mgonjwa sana. Chooni anakwenda wenzake wakiwa wamelala, wanasema, na hakuna anayetoka kumchungulia.

Nimeweka kiti mbele ya mlango wake, nafuma soksi na kumsimulia habari za nyumbani kupitia ubao wa mlango. Anajibu "ndiyo", "hapana", "mama, nimechoka". Nilitaka kuingia. Lakini mnajua tulivyolelewa. Hata kwetu Senja, nani anaingia chumba cha kijana mwenye ndevu bila kuitwa? Na nikimuudhi atakataa kupanda ndege. Basi nikafuma.

Kitambaa cha kuoshea vyombo hapa, Turid usisome hii wakiwa wanakula, nilikishika kikateleza mkononi kama utumbo. Nimekichoma. Synnøve akasema ndicho cha pekee. Nikamwambia ndiyo maana.

Ijumaa, 26

Leo nieleze habari za Oddmund, nisipozitoa zitanioza ndani.

Anakaa mezani, anachokoa ugoro chini ya mdomo wa juu kwa kidole, anaubandika ukingoni mwa kisahani, anakunywa kahawa, halafu anauchukua uleule anaurudisha mdomoni. Sili wa mbwa anawapasulia barazani kwa nyuma, mahali tunapopita kwenda kuchukua makaa, matumbo yanatoa mvuke, damu inaganda kwenye ngazi. Akimaliza anafuta kisu kwenye paja. Kisha anaingia ndani na kisu hichohicho anakata jibini.

"Oddmund! Kisu hicho!"

"Nimekifuta, mama."

"Umekifutia kwenye suruali!"

"Ulitaka nikifutie kwenye yako?"

Meza nzima ikacheka, wale vijana wanaopima barafu wakagonga vikombe. Nikamwambia utakufa na uchafu, mzee wewe. Akasema, "Uchafu ndio unanilinda. Mwaka juzi dubu alininusa akageuza njia."

Na uvundo wake umeshaingia korido. Chumba chake kimetazamana na cha Eilert, na ukifika hapo pua inakataa. Si harufu ya sili tu. Ni tamu kidogo, kama nyama iliyosahauliwa kwenye pipa, inakaa kooni. Kila anayepita anaziba pua na kusema, "Oddmund hajambo leo." Mwanangu anavuta hewa hiyo mchana kutwa. Kama mimi ningekuwa ndani na giza limenishika, na hiyo inapenya chini ya mlango, ningetoka kweli?

Jumapili, 28

Jumapili ya kwanza ya Majilio. Watu wamevaa mashati safi na tai, Synnøve kavaa gauni, hata Oddmund kalowesha nywele. Samaki wa chumvi, viazi, nyama ya nguruwe ya kukaanga. Gisle akawasha mshumaa wa kwanza. Kwenye nafasi ya Eilert walikuwa wameweka sahani na kitambaa kilichokunjwa vizuri, kana kwamba ataingia sasa hivi.

Gisle akasema maneno machache. Kwamba hapa ni padogo, na watu wakikaa padogo hawana budi kuachiana nafasi. Kila mmoja ana giza lake, na kazi ya wengine ni kungoja bila kumsukuma. Alinimiminia mimi kahawa kabla ya kujimiminia mwenyewe. Nilitokwa na machozi, Hilmar. Nikasema hawa ni waungwana kweli, mtoto wangu ameangukia mikono mizuri. Oddmund upande wa pili akapiga chafya kwenye mkono akapangusia nywele. Nikageuza uso.

Nilipokwenda kumwimbia Eilert mlangoni hakuitikia ule ubeti anaoupenda. Glovu ipo.

Jumatatu, 29

Upepo. Kamba imefungwa kutoka hapa hadi banda la mbwa ili mtu asipotee.

Jumatano, 1 Desemba

Nimekwenda kwa Gisle kumshtaki Oddmund. Nilisema kwa adabu, kwamba mimi ni mgeni tu, lakini mama hawezi kuona mwanawe anaugua huku amelazwa jirani na pipa la matumbo. Gisle akaona haya kwa niaba ya kila mtu. Akamwita Oddmund, akamwambia kwa upole wake ule, "Unaonaje, Oddmund, ukalala kwa muda kwenye kibanda cha mbwa? Kuna jiko kule."

Oddmund akanitazama. "Ni mimi ninayenuka?"

"Ni wewe," nikasema.

"Haya." Akabeba godoro lake kichwani akatoka kwenye upepo.

Nikasugua chumba chake kwa magadi na sabuni ya kijani, sakafu, kuta, hadi dari. Chini ya kitanda nilikuta panya aliyekauka, meno ya mbwa kwenye kopo, na soksi ambayo ilisimama yenyewe. Nilitapika mara moja, kwenye ndoo, si sakafuni. Nilipomaliza nilifurahi. Nikamwambia Eilert kupitia ubao, "Sasa utapumua, mwanangu." Akasema, "Asante, mama." Alikuwa kama anatetemeka kwa baridi, na korido ilikuwa na joto.

Ijumaa, 3

Ndege haikuja. Dhoruba. Wanasema labda wiki ijayo, labda ile nyingine. Nilikuwa nimeshafunga sanduku la nguo zake zilizokuwa kwenye kamba ya kuanikia, nimelifungua tena.

Uvundo haujaondoka. Nimesugua tena.

Jumamosi, 4

Nimekwenda kumwaga majivu, nikamkuta Oddmund barazani anakatakata sili kwa taa. Ndevu zimeganda barafu na ugoro. Sikutaka kuongea naye. Akaongea yeye.

"Mama Eilert. Nilalapo mimi sasa ni kwa mbwa."

"Najua. Nilikuomba radhi moyoni."

"Radhi sitaki. Nauliza tu. Korido inanukia maua siku hizi?"

Nikamwaga majivu.

"Bado inanuka," akasema. "Leo nilipita kuchukua mshumaa, nikainusa. Sasa nisikilize. Mimi nanuka tangu nilipobatizwa. Mke wangu aliondoka kwa sababu ya harufu hii, naijua kama ninavyolijua jina langu. Ile ya korido si yangu."

"Basi ya nani?"

Akatema mate kwenye theluji, mate ya rangi ya kutu, karibu na buti langu. "Sili aliyeoza nje anaganda, hanuki. Anayenuka ni aliyeoza ndani penye joto." Kisha akainama kuendelea na kazi yake, kama mtu anayejuta kusema.

Nimerudi ndani nikasimama kwenye korido. Nikanusa mlango wa Oddmund: magadi na sabuni. Nikageuka. Nikapiga magoti kwenye ufa wa chini wa mlango wa mwanangu.

"Eilert, humo ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Nifungulie."

"Mama, tafadhali. Tafadhali. Kesho nitatoka. Kesho Jumapili, nitakuja mezani, nakuapia."

Nikamwendea Gisle. Akanisikiliza, akaniwekea mkono begani. "Amekuahidi kesho. Tumpe hiyo heshima, mama. Ukimvunjia sasa, itamrudisha nyuma." Synnøve naye akatikisa kichwa kuunga mkono. Nikakubali. Mungu ananiona, nilikubali.

Jumapili, 5

Nitaandika yote, na Turid usome yote. Kåre mtoeni nje kwanza.

Jumapili ya pili ya Majilio. Watu wakakaa na tai zao. Sahani ya Eilert, kitambaa kimekunjwa. Gisle akawasha mshumaa wa kwanza, akawasha wa pili. Tukaimba. Macho yangu yako kwenye korido. Nyama ikaletwa, watu wakaanza kula, wanaongea habari za barafu. Hakuna aliyetazama ile sahani. Nikaona mmoja wa wale vijana anainyoshea mkono kuchukua kiazi cha Eilert, akajizuia, akatabasamu kwangu.

Nikainuka. Gisle akasema, "Mama Borgny," kwa ile sauti yake. Sikugeuka. Nilikwenda nikashika kitasa na glovu juu yake, nikasukuma.

Uvundo ulinipiga usoni kama mlango mwingine. Giza, dirisha limezibwa kwa blanketi. Nikapapasa taa.

Kitanda kimejaa nguo, katikati ya nguo mwanangu, macho makubwa, ndevu zimeshikamana, uso una rangi ya nta na jasho. Chini ya kitanda ndoo mbili za bati. Ndani yake karibu chakula chote alichopikiwa na Synnøve. Viazi vimeota manyoya ya kijani, samaki amekuwa uji, mafuta yameganda juu yakapasuka, na vitu vyeupe vidogo vinasogea humo. Ndiyo sahani zilizokuwa zikirudi tupu. Chupa za mkojo zimepangwa ukutani, rangi ya chai. Nilikanyaga kitu kikateleza.

Lakini hayo ni uchafu tu, na uchafu naujua. Uvundo wenyewe ulikuwa umefungwa kwenye mguu wake wa kushoto kwa shati na mkanda.

"Usitazame, mama," akasema. "Mama, usitazame."

Nikafungua. Shati lilikuwa limenata. Nikaliloweka kwa maji ya chai iliyokuwa kwenye kikombe, likaachia polepole na kitu kikaachia nalo. Vidole vitatu vyeusi kama makaa, vimesinyaa, na pale vinapoungana na mguu usaha wa njano na kijani, na kuanzia hapo wekundu unapanda hadi juu ya kifundo. Donda ndugu. Kwenye kidole kimoja niliona mfupa. Niligeuka nikatapika kwenye ile ndoo ya viazi, kisha nikafuta mdomo nikarudi kuushika mguu.

"Lini?"

"Kabla tu ya jua kwenda. Nilikwenda ufukweni kufuata kipimo kilichozolewa na maji. Barafu ikapasuka. Buti likajaa."

"Ulikwenda na nani?"

Akageukia ukuta. Sheria ya hapa ni kwamba hakuna anayetoka peke yake, anayetoka peke yake anarudishwa nyumbani na hapewi kazi tena. Hata mimi mgeni niliambiwa siku ya kwanza.

"Nilidhani litapona," akasema. "Halafu likaanza kunuka, na nikamsikia kila mtu anasema ni Oddmund."

"Wewe ukanyamaza."

"Nikanyamaza." Akaanza kulia kama alipokuwa mdogo, bila sauti, mdomo wazi. "Baba aliwaambia watu wote bandarini, mama. Kwamba mtoto wa mvuvi anakaa na maprofesa. Alimwambia hadi mtu wa duka. Ningerudi vipi?"

Hilmar, sikulaumu. Nakuandikia alichosema.

Nikageuka nione kama kuna mtu wa kuniletea maji ya moto. Wote walikuwa mlangoni, wamesimama nje ya kizingiti na tai zao, leso puani. Hakuna hata mmoja aliyevuka. Gisle akasema, "Mungu wangu. Eilert. Tungejua..."

"Mngejua nini? Pua hamna?"

"Tuliheshimu, mama. Glovu ilikuwa..."

"Mliheshimu mlango," nikamwambia. "Leta maji."

Aliyevuka ni Oddmund. Sijui nani alimwita. Aliingia na buti zake, na damu ya sili mikononi, akanuka vibaya kama kawaida, akazinyanyua zile ndoo mbili kama ndoo za maziwa akaenda kuzimwaga. Aliporudi alimbeba mwanangu hadi jikoni, akamlaza kwenye meza ya chakula, juu ya kitambaa cheupe, kati ya sahani za watu.

Nimemwosha mwili mzima. Ngozi ilibanduka ikaingia majini pamoja na uchafu. Vijana waliondoka mmoja mmoja kwenda vyumbani mwao.

Jumatatu, 6

Sijalala. Homa imepanda. Anasema maneno ambayo hayaungani.

Alfajiri Gisle alinijia na kahawa. Nilidhani amekuja kusema redio imeshapigwa. Akaketi. "Nimefikiri sana. Nikitoa taarifa, itabidi niseme alitoka peke yake. Mkataba wake utakufa. Nisingependa kuamua hilo juu ya kichwa chake. Unaonaje tungoje apate fahamu vizuri, aombe mwenyewe?"

Nilimtazama mikono yake myeupe. Kucha zimekatwa vizuri. Na Hilmar, nilisikia kinyaa ambacho sikukisikia kwa ile ndoo. Kinyaa kwa mtu aliyepigwa pasi, anayenukia sabuni. Ndiye niliyemwona mwungwana. Na mimi nilikaa nje ya mlango nikifuma soksi, kwa uungwana huohuo, soksi ya mguu unaooza.

"Piga redio," nikasema.

"Mama Borgny, nakuelewa..."

"Hunielewi. Piga, na uniweke hapo nisikie. Pwani nzima ijue. Taja jina lake, taja la baba yake, taja kwamba alitoka peke yake. Na useme vidole ni vyeusi, usiseme ameumia kidogo."

Synnøve akatokea nyuma yake na aproni. Kicheko hana tena. Akasema, "Gisle, usipopiga wewe nitapiga mimi, na mimi matusi nayajua." Gisle akapiga.

Helikopta kutoka mji wa Longyearbyen haiwezi kuruka kwa upepo huu. Daktari huko amesema kwa redio tumpe penisilini iliyopo kabatini, kila baada ya muda, na tuutazame wekundu. Nimechora mstari kwa kalamu pale unapoishia. Jioni umeuvuka.

Synnøve anasema, "Nilikuwa naosha zile sahani, mama. Zilikuwa zimefutwa safi sana. Hakuna mtu anayefuta sahani hivyo." Alisema hivyo mara nyingi. Nikampa kitunguu amenye, apate kazi ya mikono.

Jumanne, 7

Helikopta imetua! Upepo ulishuka, Oddmund akawasha mapipa ya mafuta kwenye theluji kuwaonyesha njia. Nesi yuko jikoni na Eilert, anamfunga na kumchoma sindano, ameniambia nina muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Kahawa sinywi, naandika.

Mimi siendi. Njiani wamewaokota wawindaji wawili walioungua kwenye kibanda, nafasi iliyobaki ni ya machela tu. Niliomba nilale sakafuni, nilimshika rubani mkono, akasema, "Mama, mzito mmoja zaidi na haturuki." Basi nimebaki hapa hadi ndege ije, na ndege hakuna ajuaye. Daftari hili nampa nesi alitie posta Longyearbyen.

Nesi mwanamke mkavu, hafichi. Vidole vinaondoka, hilo limekwisha. Mguu hajui. Wekundu ukifika gotini wataukata chini ya goti, na damu ikiwa imeshaharibika basi hata hilo halitoshi. Atapitishwa moja kwa moja hadi hospitali ya Tromsø.

Oddmund nimemwomba radhi kwa mdomo, mbele za watu. Akasema, "Achana na radhi, mama. Nirudishie kitanda." Halafu akanipangusa chozi kwa kidole cha ugoro. Uso wangu sasa hivi unanuka, Hilmar, na sijaunawa kwa sababu sina muda, lakini nitaunawa.

Sasa sikiliza, na Turid, hapa soma kwa sauti kubwa. Hilmar, ukipata daftari hili usimalize chakula chako. Peder akupeleke kwa mashua hadi kwenye boti la abiria, mgongo ukiuma uume. Dagny atalala na mama mkwe na Kåre. Fika Tromsø, uliza wodi, ukiambiwa si saa ya kuona wagonjwa ingia hivyohivyo. Akisema amechoka, kaa. Akigeukia ukuta, kaa. Akinuka, mshike. Habari za kazi usimuulize, wala za maprofesa, wala usimwambie watu wa bandarini wanasema nini. Mwambie kitanda chake kimetandikwa, na mwambie wewe ndiye uliyetaka arudi. Mimi nimeshamwambia, lakini hakunisikia mimi, anamngoja baba yake.

Kisha nenda posta utume telegramu huku Kaldvika, wazi, bila kuficha neno, anayesikia asikie. Mguu upo au haupo, ni mzima au si mzima, maneno mawili yanatosha. Itume siku hiyohiyo uliyomwona, usingoje hadi kesho yake. Nitakuwa nimekaa kwenye redio.

Wamembeba. Nesi ananinyoshea mkono.

Mkeo Borgny